Sindano za EPO za yuniti 4,000: uzoefu wangu

Nazungumzia sirinji zilizojazwa tayari kiwandani, zenye epoetini alfa yuniti 4,000, ambazo sisi tunaosafisha damu kwa mashine kwa sababu figo zimekufa tunaziita EPO basi. Dawa yenyewe naisifu bila kusita. Inapandisha damu, yaani hemoglobini. Lakini inataka mwili uwe na chuma, na inataka ifike mwilini bila kupata joto njiani. Pesa nyingi za wagonjwa hapa Uganda zinapotelea kwenye mambo hayo mawili.

EPO inauamrisha uboho utengeneze chembe nyekundu, lakini malighafi haileti. Na mashine inakula chuma kila siku ya kusafisha: damu inayobaki kwenye mipira, sampuli za maabara, na damu ikiganda kwenye chujio kabla saa nne za kusafisha hazijaisha, hapo umepoteza nyingi kwa mpigo. Kwa hiyo kabla ya kununua boksi zima, pima feritini (akiba ya chuma mwilini) na TSAT (asilimia ya chuma kinachosafirishwa kwenye damu). Mwongozo wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, wa 2012 unasema TSAT ikiwa asilimia 30 au chini na feritini 500 au chini, kuna sababu ya kujaribu chuma cha mshipani. Vidonge kwetu havifiki mbali: hepsidini, homoni inayodhibiti chuma, hupanda figo zikifa, ikafunga mlango wa chuma kwenye utumbo, na chai tunayoshushia vidonge inazidi kuharibu.

Chuma sukrosi, hicho cha mshipani, kwa kawaida ni miligramu 100 kila unaposafisha, mara 10, jumla gramu moja. Anayesafisha mara mbili kwa wiki atamaliza kwa wiki tano. Nesi anaichanganya na mililita 100 za maji ya chumvi, inaingia kwa dakika 15 au zaidi. Ikikimbizwa presha inaanguka, mtu anatapika kitini. Ukiwa na homa, au katheta (mpira ulioingizwa mshipani kwa ajili ya mashine) inatoa usaha, chuma kingoje, kwa sababu bakteria nao wanakihitaji. Kupima tena ni angalau wiki moja baada ya dozi ya mwisho. Na feritini hudanganya: maambukizi huipandisha, kwa hiyo feritini 900 yenye TSAT ya 15 haina maana kwamba umeshiba chuma.

Sasa sindano. Dozi ya kuanzia ni yuniti 50 hadi 100 kwa kila kilo, mara tatu kwa wiki. Mtu wa kilo 60 anaangukia kati ya 3,000 na 6,000, ndiyo maana sirinji ya 4,000 inawafaa wengi. Tatizo letu ni kwamba wengi tunasafisha mara mbili tu, kwa hiyo ya tatu inachomwa nyumbani chini ya ngozi: paja, tumbo mbali na kitovu, au mkono usio na fistula (mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine). Itoe kwenye friji, iache mezani nusu saa, maana ikiwa baridi inachoma kama pilipili. Itazame kwenye mwanga: maji maangavu yasiyo na rangi wala chembe. Usiitikise, kwa sababu ni protini na povu linaivunja. Sindano iliyotumika iingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, isitupwe shimoni kwenye takataka ambako watoto wanachezea.

Baridi inayotakiwa ni nyuzi 2 hadi 8. Anayenunua Kampala na kupanda basi la Arua anahitaji kikasha chenye barafu, na sirinji izungushiwe taulo isigusane na barafu. Iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi kabisa. Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa kuwa kwa macho huwezi kuijua. Kwenye friji ya nyumbani iweke rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma unaogandisha. Umeme ukikatika, usifungue friji. Dukani nauliza kwanza friji yao inasoma ngapi. Nikiona boksi linatolewa kwenye kabati la kawaida, naondoka.

Wiki ya kwanza usitegemee kitu. Damu isipopanda hata gramu 1 kwa desilita baada ya wiki nne, daktari huongeza dozi kwa robo. Ikipanda zaidi ya 1 ndani ya wiki mbili, anapunguza robo. Tunakotaka kufika ni 10 hadi 11.5. Wanaotafuta 14 kama ya mtu mzima wa afya wanatafuta kiharusi na fistula iliyoziba. Presha ipimwe kabla ya kila sindano. Ikiwa imeshindikana kushuka, usichome kwanza. Kichwa kikianza kugonga bila desturi, mwambie daktari siku hiyo hiyo.

Chuma kipo, sindano imetunzwa kwenye baridi, na damu bado iko 7? Pima malaria kwanza. Kisha angalia dawa: mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia zidovudini anaweza kupungukiwa damu kwa sababu yake. Uliza pia kama chujio linaganda kila mara, na kama siku za kusafisha zinarukwa.

Kuna ushauri mmoja unaoniumiza kila nikiusikia: juisi ya bitiruti na mboga ya dodo (mchicha) kwa wingi. Kwa mwenye figo zilizokufa ile potasiamu inaweza kusimamisha moyo, na damu haitapanda. Damu ya mtu mwingine nayo iwe ya dharura, tena itiwe ukiwa kwenye mashine, iondoe maji na potasiamu inayokuja nayo. Kila chupa inaweza kuuzoesha mwili kukataa figo ya kupandikizwa, na tangu Mulago walipofanya upandikizaji wa kwanza mwaka 2023, hilo si jambo la mbali tena kwetu.

Sampuli ya damu itolewe kabla mashine haijaanza. Ikitolewa baada ya lita tatu kuondoka, damu imekuwa nzito na 9 itasomeka kama 10, dozi ikapunguzwa bila sababu.