Mrithi mteule au mmiliki mwenza: nani hutia saini hati ya gari California?

Ukimwandika mrithi mteule kwenye hati ya gari lako California, saini yake haihitajiki kwa lolote ungali hai. Unaliuza au unamwondoa bila kumwuliza. Sharti ni mmiliki mmoja na mrithi mmoja tu. Wosia hauwezi kulibadili jina hilo.

Mmiliki mwenza ana haki tangu leo. Hapo angalieni sana kinachotenganisha majina yenu: "AND" hudai saini za wote wawili mkiuza, "OR" humruhusu yeyote kuuza peke yake, nayo hunitia hofu. Mzazi anayetaka tu gari limfikie mwanawe bila kupitia mahakama ya mirathi, namshauri achague mrithi mteule.