Nilimpeleka baba nyumbani kwa Shakespeare, akamkuta fundi mwenzake

Baba yangu ni fundi wa makubadhi, Ngamiani, Tanga. Ana miaka 71. Alisoma mpaka kidato cha nne, akarithi meza ya babu, na mpaka leo yuko hapohapo. Alipokuja kututembelea Uingereza mwezi wa tano, nilimpangia Big Ben na Mto Thames kama wageni wote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nipeleke kwa yule Mwingereza wa Mwalimu."

Mwingereza wa Mwalimu ni Shakespeare. Shuleni kina baba walisoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, iliyotoka 1969, na kila mkopesha riba wa mtaani kwetu baba humwita Shylock, jina la mkopesha riba wa tamthilia hiyo. Basi Jumanne tukapanda treni stesheni ya Marylebone, London, na baada ya saa mbili na kidogo tukawa Stratford-upon-Avon. Kutoka stesheni tulitembea polepole, maana goti la baba linamsumbua, mpaka Henley Street ilipo nyumba aliyozaliwa.

Wengi wanaoandika kuhusu nyumba hii husifia chumba cha juu alichozaliwa. Mimi nasema kipiteni haraka tu, muda wenu uwekeni chini, kwenye karakana ya baba yake.

John Shakespeare alikuwa fundi wa glavu. Alilainisha ngozi mwenyewe, akakata, akashona, akauza hapohapo nyumbani. Karakana imepangwa upya ionekane kama enzi hizo: ngozi zimening'inizwa, mkasi mkubwa, visu, meza yenye makovu ya kukatia. Baba alisimama mlangoni kimya. Halafu akaniambia nimuulize mama mwongozaji, aliyevaa nguo za zama zile, ngozi ile nyeupe ililainishwa kwa kitu gani. Jibu: shabu na chumvi, pamoja na unga na viini vya mayai. Nilipomtafsiria, baba aligeuka kunitazama. "Shabu? Hii yetu ya kujipaka kwapani?" Hiyohiyo.

Yule mama akampa glavu moja aishike. Baba hakuivaa. Aliigeuza ndani nje, akapitisha ukucha juu ya mshono, taratibu, kidole baada ya kidole, akihesabu kwa midomo. "Huyu hakuwa na haraka," akasema. Nikakumbuka kuwa mtoto wa nyumba hii, alipokuwa mtu mzima London, alimpa mchekeshaji mmoja maneno haya katika tamthilia ya Twelfth Night: kwa mwenye akili, sentensi ni kama glavu ya ngozi ya mwana-mbuzi, mara moja unaigeuza ndani ikawa nje. Nilisoma mstari huo chuoni nikauona ni ufundi wa maneno tu. Siku hiyo niliuona mikononi mwa baba. Na katika The Merry Wives of Windsor kuna ndevu zinazofananishwa na kisu cha fundi wa glavu. (Tamthilia hiyo waigizaji kutoka Kenya waliicheza kwa Kiswahili kwenye ukumbi wa maigizo wa Globe, London, mwaka 2012. Natamani ningekuwepo.)

Jambo jingine lililomkamata baba ni sahihi. John Shakespeare hakuwa akiandika jina lake kwenye nyaraka, alikuwa akitia alama, na mara nyingine alichora bikari, ile ya kupimia ngozi. Baba anayo bikari yake, ya babu, imefungwa uzi mwekundu. Na mtu huyo wa alama ya bikari mwaka 1568 alikuwa mkuu wa mji wa Stratford! Hakuna aliyemuona mdogo kwa kazi ya mikono. Baba alirudia hilo mara mbili kwenye treni tukirudi.

Lakini mji wenyewe ulikuwa hivi: mwaka 1552 John alitozwa faini, peni 12, kwa kurundika samadi na taka barabarani, Henley Street hiihii ambayo leo watalii wanapigia picha. Mwaka 1570 alishtakiwa kwa kukopesha fedha kwa riba, jambo lililokatazwa na sheria. Miaka miwili baadaye akashtakiwa kwa biashara ya sufu bila ruhusa. Baadaye mambo yakamwendea kombo, akawa haonekani tena kwenye vikao vya baraza. William, yaani Shakespeare mwenyewe, alikuwa mtoto, kisha kijana, mambo hayo ya baadaye yalipotokea nyumbani. Nilipomweleza baba habari ya riba, alicheka sana. "Kumbe Shylock alianzia sebuleni kwao!" Mimi sisemi John ndiye Shylock, ila kesi ile nadhani inasaidia kuielewa tamthilia kuliko kurasa nyingi za mwongozo wa mitihani.

Nyumba yenyewe ni ya fremu za mbao, fito na udongo. Baba alitaka kujua kama kuta zilikandikwa kama zetu za Pangani. Ndiyo, fito zimesukwa katikati ya nguzo na udongo umekandikwa juu, tofauti ni kwamba mbao zao ni za mwaloni na chini wameweka jiwe. Sebuleni kuna kitanda kikubwa chenye mapazia. Tukaelezwa kwamba kitanda kizuri kuliko vyote kilikuwa cha mgeni, nacho kiliwekwa mbele ili watu wakione. Pwani hilo halihitaji maelezo. Ndiyo maana wengi husema kwamba kile "kitanda cha pili kwa ubora" ambacho William alimwachia mkewe Anne katika wasia wa 1616 hakikuwa tusi, kilikuwa kitanda chao wenyewe. Mimi naafiki.

Ngazi za kwenda juu ni nyembamba na dari ni fupi. Mwenye goti bovu ajiandae, na apande wakati basi za wanafunzi hazijafika, yaani asubuhi kabla ya saa tano. Huko juu ndiko utakapofikiria watoto. John na mkewe Mary walizaa wanane, na mabinti wawili wa kwanza walikufa wachanga. William alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564, na tarehe 11 Julai mwaka huohuo kitabu cha maziko cha kanisa kimeandikwa kwa Kilatini kwamba tauni imeanza hapa. Hakuwa amefikisha miezi mitatu. Yeye mwenyewe akaja kumpoteza mwanawe wa kiume wa pekee, Hamnet, Agosti 1596, mtoto wa miaka 11. Miezi miwili baadaye familia ikapewa nembo ya heshima, iliyokuwa ya kurithishwa. Baba alikaa kwenye benchi baada ya kusikia hilo. Mimi nilikuwa na kaka, alikufa na surua kabla sijazaliwa. Hatukusema kitu.

Nyumba kubwa aliyoinunua William 1597, New Place, usiitegemee. Mwenye nayo wa baadaye aliibomoa 1759, leo ni bustani, nzuri ya kupumzikia. Kanisani kuna kaburi la William lenye laana kwa atakayeigusa mifupa yake. Hapo tulipita dakika kumi tu, kwa sababu adhuhuri ilikuwa inatupita.

Chakula bebeni chenu. Mgahawa mmoja tulioingia karibu na mto ulituwekea nyama tuliyoambiwa ni ya kuku, na haikuwa. Mhudumu aliomba radhi, lakini bili haikupungua. Chapati zangu tulizila bustanini, na zilikuwa tamu kuliko vyote vya siku ile.

Nyumba naipa nyota tano, zote za ile karakana. Baba amesharudi Tanga. Juzi alipiga simu: amepata ngozi ya mwana-mbuzi kutoka machinjioni, ameitia shabu na chumvi, imekauka ngumu kama ubao. Anataka nikamuulize yule mama, viini vya mayai ni vingapi kwa ngozi moja. Nimeshakata tiketi, Jumamosi narudi Henley Street.