Uncharted 4: msako wa hazina uliofika Bukini

Juni 2015, kwenye maonyesho ya E3 kule Los Angeles, Sony walipandisha jukwaani kipande cha Uncharted 4, gemu ya PlayStation 4 (PS4) ambayo mashabiki walikuwa wakiisubiri tangu 2013. Nathan Drake, mhusika mkuu, akatokea sokoni, watu wanapita huku na huku, yeye kasimama tu kama anayesubiri daladala. Padi, kile kidhibiti cha mkononi, haikuitika. Ikabidi waanze upya. Gemu ilipotoka Mei 10, 2016, watengenezaji wake, Naughty Dog, walikuwa wameigeuza aibu ile kuwa utani: fika sura ya 11, ingia soko lilelile, usiguse kitu kwa sekunde 30, unapewa trofi, tuzo ya ndani ya gemu, inayoitwa Stage Fright, yaani woga wa jukwaani. Asiyejua kisa anapita zake. Anayejua anaweka padi mezani na kuanza kuhesabu.

Hamu ya watu ilikuwa kubwa kiasi cha kutisha. Gemu ilipangiwa 2015, ikasogezwa hadi Machi 2016, kisha Aprili, kisha Mei, na bado wiki ya kwanza zikauzwa nakala zaidi ya milioni 2.7. Swali la mnunuzi wa leo ni dogo zaidi: je, inastahili saa zako kama 15, na ununue toleo gani? Jibu la kwanza ni ndiyo, hasa kwa sababu ya sura ya 10 na ya 11. La pili lina mitego kidogo, litakuja.

Kwanza hadithi. Drake ameacha wizi wa makaburi, ameoa, anafanya kazi ya kuopoa mizigo iliyozama. Kaka yake Sam, aliyedhaniwa amekufa kwa miaka 15, anabisha hodi akiwa na deni la kutisha na jina moja mdomoni: Henry Avery, haramia wa karne ya 17. Drake anamwambia mkewe Elena kwamba anakwenda kazini Malaysia, halafu anashika njia nyingine. Uongo huo mdogo wa nyumbani una uzito kuliko risasi zote zinazofuata, na waigizaji (Nolan North, Emily Rose, Troy Baker) wanaubeba vizuri. Si lazima uwe umecheza gemu tatu za mwanzo za mfululizo huu, lakini cheza angalau ya pili, ya 2009. Zote tatu zimo ndani ya Nathan Drake Collection ya PS4, na bila kumfahamu Elena wa zamani utamwona huyu kama mke mwenye hasira tu.

Avery mwenyewe ni mtu wa kweli, na kisa chake ni cha bahari hii yetu ya Hindi. Septemba 1695 aliiteka Ganj-i-Sawai, merikebu ya mfalme Aurangzeb wa Uhindi iliyokuwa ikirudi Surat na mahujaji. Miezi michache kabla, merikebu yake Fancy ilikuwa imetia nanga Nzwani, Komoro, akaacha barua huko kwa manahodha wa Kiingereza. Baada ya 1696 akayeyuka, hakuna aliyemtia mkononi. Gemu inaliziba pengo hilo kwa Libertalia, dola ya maharamia ambayo kitabu cha Kiingereza cha karne ya 18 kilidai ilikuwa Madagaska, Bukini ya wazee wa pwani. Wanahistoria wengi wanaiona Libertalia kuwa ngano. Gemu inaijenga jiwe kwa jiwe, na kuweka ndani yake mali ya dola milioni 400.

Sasa sura ya 10, ambayo ndiyo ilipaswa kuwa sura ya 3. Hapo gemu inakukabidhi gari la 4x4, bonde pana la udongo mwekundu huko Madagaska, Sam na Sully, rafiki mzee wa Drake, ndani ya gari, na kukuacha. Huko nyuma mfululizo huu ulikuwa uchochoro mrefu wenye mandhari nzuri pembeni. Hapa unaweza kukata kushoto, kupanda kilima, kukuta magofu ambayo hadithi haikukutuma, kuokota hazina na kurudi. Kitu kidogo kinachowafurahisha wengi: ukishuka garini katikati ya mazungumzo, yanakatika. Ukirudi, msemaji anayaokota pale alipoyaachia, kama watu wa kawaida safarini.

Gari lenyewe lina tabia yake. Kwenye mteremko wa tope, matairi yakianza kuzunguka bila kupanda, kukazania R2, kitufe cha mafuta, hakusaidii. Utateleza hadi chini. Rudi nyuma, tazama mteremko, utaona mawe yametokeza kwenye tope. Panga tairi zipite juu ya mawe, kutoka jiwe hadi jiwe, na usipunguze mwendo katikati. Pasipo na mawe ya kutosha, kazi ni ya winchi. Shuka, nenda mbele ya gari, shika ndoana ya waya, tembea hadi kwenye mti ulio juu, uzungushe, kisha urudi kwenye usukani na kukanyaga mafuta. Waya una kikomo, kwa hiyo ukiliacha gari mbali mno hutaufikia mti. Sogeza gari kwanza ndipo uvute waya. Winchi hiyohiyo hutumika baadaye kung'oa nguzo, na wachezaji hukwama hapo kwa kuwa wameizoea kama kamba ya kupandia tu. Ukiona mbao au nguzo iliyochakaa na gari linaweza kuifikia, jaribu ndoana kabla ya kutafuta majibu kwenye YouTube.

Minara ya bondeni inalindwa na Shoreline, jeshi la kukodi la Nadine Ross kutoka Afrika Kusini, na hapo ndipo mfumo mpya wa kujificha unapoonyesha thamani yake. Nyasi ndefu zinakuficha kabisa ukiinama. Juu ya kichwa cha adui hutokea alama: ikiwa nyeupe, ameanza kukuona, ikiwa ya njano, anakuja kuchungulia, ikifika ya chungwa, kambi nzima imeamka. Kosa la kawaida ni kukimbia alama ikiwa nyeupe. Kaa palepale kwenye nyasi, itashuka yenyewe. Kabla ya kuingia, simama juu, lenga kwa L2 na ubonyeze L3 (kijiti cha kushoto) juu ya kila askari ili awekewe alama, halafu anza na wa pembeni kabisa. Maiti iliyoachwa wazi huonwa na wenzake, kwa hiyo muue ndani ya nyasi au mvizie akiwa ukingoni.

Ukigunduliwa, usijibanze mahali pamoja kama kwenye gemu za zamani. Kuta nyingi za kujificha zinavunjika kwa risasi, na adui watakuzunguka. Kamba yenye ndoana (L1 alama inapotokea) ndiyo dawa: bembea, piga risasi ukiwa hewani, au jiachie juu ya askari na kumshindilia ngumi. Nusu ya raha ya mapigano ya gemu hii iko kwenye kamba hiyo. Ajabu ni kwamba mtu anaweza kuimaliza yote bila kuitumia vitani hata mara tano, halafu akalalamika kuwa risasi zinachosha.

Sura ya 11 ndiyo ile ya soko, mnara wa saa na kengele zake, halafu mbio za gari ambazo hata leo zinachezwa upya na watu wasiokumbuka mwisho wa hadithi. Gari la deraya linakufukuza kwenye vichochoro vya mteremko, meza za matunda zinapasuka, kamba za nguo zinakatika. Usihangaike kutafuta njia sahihi. Vichochoro karibu vyote vinateremka kuelekea kulekule, na anayesimama kufikiri ndiye anayekufa. Kisha Drake anarusha ndoana kwenye lori na kuburutwa kifudifudi kwenye tope, bastola mkononi. Tazama shati lake baada ya hapo, lilivyoganda tope.

Kasoro zipo, tena si za kufichwa. Sura sita za mwanzo zinakwenda kwa mwendo wa konokono, na anayetafuta milio ya bunduki atasinzia. Makreti yenye magurudumu, yale ya kusukuma hadi ukutani ili upande, yamerudiwa hadi wahusika wenyewe wanayatania. Kupanda majabali kunapendeza macho lakini mikono haina kazi kubwa, kwani ukielekeza kijiti upande sahihi Drake anafika. Pambano la kwanza la ngumi na Nadine, sura ya 6, halishindiki. Bofya utakavyo, utapigwa tu, kwa sababu hadithi inataka hivyo. Usilirudie ukidhani umekosea. Na sura ya 19 ina maiti zilizotegwa baruti: ukisikia mlio wa kuwaka, rudi nyuma mara moja, usisubiri kuona.

Mwisho kuna pambano la panga dhidi ya Rafe Adler, adui mkuu wa Drake katika msako huu, lenye mfumo ambao gemu haikukufundisha popote kabla yake. Wengine wanalipenda, wengine wanaliona la kubandikwa. Soma maelekezo ya skrini na uzuie kwanza kabla ya kushambulia. Mwenye pupa hukatwa.

Kwa wakusanyaji, hazina ni 109. Nyingi ziko kwenye maeneo mapana, hasa sura ya 10 na ile ya 12 ya boti na visiwa. Usijitese kuzitafuta zote mara ya kwanza. Menyu ya kuchagua sura inakuonyesha zilizobaki. Kuna trofi ya kumaliza gemu ndani ya saa 6, na nyingine ya kumaliza ukiwa na usahihi wa risasi wa asilimia 70. Zote mbili zifanye kwenye ugumu wa chini kabisa, Explorer, ukiruka video za hadithi na kuwasha msaada wa kulenga kwenye menyu. Menyu hiyohiyo ina mpangilio wa kushikilia kitufe badala ya kukibofya mfululizo, jambo jema kwa mwenye vidole vyenye maumivu au padi ya zamani. Na trofi ya kuua maadui 1,000 imepewa jina Ludonarrative Dissonance, yaani mgongano wa hadithi na uchezaji, jibu la kejeli kwa wahakiki waliouliza miaka yote inakuwaje mtu mcheshi namna hii aue watu wengi namna ile.

Sasa ununuzi. Diski ya PS4 ndiyo njia ya bei nafuu, na diski iliyotumika inafanya kazi sawa na mpya, mradi haina mikwaruzo mirefu. Inakimbia kwa fremu (picha) 30 kwa sekunde, na PS4 ya zamani yenye vumbi itanguruma kweli kwenye sura ya Madagaska, kwa hiyo safisha feni kwanza. Mwaka 2022 lilikuja Legacy of Thieves Collection, lenye gemu hii pamoja na The Lost Legacy, gemu nyingine ya mfululizo huu, Januari kwa PS5 na Oktoba kwa kompyuta. Kwenye PS5 una chaguo la 4K (picha kali zaidi) kwa fremu 30, la fremu 60, au la 1080p kwa fremu 120 kama televisheni inaweza. Chagua 60, tofauti ya picha utaisahau baada ya dakika tano. Toleo hili halina mchezo wa wengi mtandaoni. Anayeutaka huo abaki na la PS4.

Sony waliwawekea wenye toleo la PS4 njia ya kupanda hadi la PS5 kwa dola 10, yenye masharti mawili yanayowakuta watu bila habari. Nakala iliyotolewa kwa wanachama wa PS Plus, huduma ya kulipia ya Sony, Aprili 2020 haihesabiwi. Na kwa mwenye diski, lazima iwe ndani ya mashine kila unapocheza, kwa hiyo PS5 isiyo na tundu la diski haikufai.

Kwenye kompyuta andaa nafasi ya GB 126, na kwa anayepakua kwa bando hiyo ni hesabu ya kufanya kabla ya kulipa. Kima cha chini ni RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya daraja la GTX 960 yenye GB 4. Kinachopendekezwa ni GB 16 na GTX 1060 ya GB 6. Mara ya kwanza kuifungua, iache imalize kuandaa picha zake hata kama menyu imeshatokea. Ukianza mapema itakwamakwama, utadhani kadi yako mbovu.

Kwa vibanda vya gemu vinavyolipisha kwa mechi, hii haifai. Ni ya mtu mmoja, sebuleni, usiku, sauti juu. Ukifika sura ya 4, Elena atakuwekea Crash Bandicoot ya 1996, gemu ya Naughty Dog haohao, na kukupa changamoto ya kuvunja rekodi yake huku jiwe kubwa likikufukuza. Kumbuka unakimbia kuelekea skrini, kwa hiyo mashimo unayaona umeshayafikia. Mara ya kwanza karibu kila mtu anashindwa. Okota matunda, vunja masanduku yaliyo njiani tu, na uache ya pembeni.