Slayed? ya Slade: weka hii watu wasimame

Kama una sherehe nyumbani na wageni bado wameganda kwenye viti, weka Slayed?, albamu ya bendi ya rock ya Slade ya mwaka 1972. Hawa ni Waingereza wanne wa viatu vya soli nene na nguo za kumetameta, na wanachotaka ni watu waruke, basi.

Roho yake ni wimbo "Mama Weer All Crazee Now". Noddy Holder anaimba kwa sauti ya kukwaruza, kama konda wa daladala anayeita abiria wa Nkuhungu, na kiitikio kinarudiwa mpaka asiyejua Kiingereza naye anakidaka. Niliupiga kwenye kipaimara cha binti wa dada yangu, hapa Kisasa. Mashangazi waliokuwa na sahani za pilau mapajani wakaanza kugonga meza kwa vijiko, na mmoja akavua kabisa viatu. Nilifurahi mno!

"Move Over", walioazima kwa mwimbaji Mmarekani Janis Joplin, ni mzito kidogo kwa watoto, mimi huuruka.

Tafuta spika kubwa. Ukisikilizia kwenye simu, besi ya Jim Lea inapotea yote.