Nolan Ryan au Greg Maddux, mrushaji yupi mkali zaidi?

Kila wakipiga stori za besiboli ya Marekani haya mabishano hayaishi. Kwa mipira ya moto, Ryan hana mpinzani, straikauti 5,714 (mpigaji anatolewa kwa straiki tatu) na mechi 7 ambazo wapinzani hawakupata hata hiti moja (kupiga mpira na kufika besi salama), ya saba akiwa na miaka 44 jamani! Ila kulenga ndo shida, wapigaji 2,795 kawapa besi ya bure (kwa kurusha mipira minne nje ya lengo), wakati Maddux kwenye misimu 23 hakufika hata 1,000. Maddux hakuwa na spidi kubwa, yeye mpira unakuja kama wa kawaida halafu unakata pembeni dakika ya mwisho, na 1997 alimaliza mechi nzima kwa mipira isiyofika hata 80, mi hiyo huwa naikumbuka sana. Ushindi, Maddux 355 kwa 324 za Ryan, na Cy Young (tuzo ya mrushaji bora wa msimu) nne mfululizo, Ryan hana hata moja. Kudumu, Ryan misimu 27, mpaka kiwiko kikachanika 1993.

Kwa mechi moja ya kufa na kupona nampa Ryan mpira. Msimu mzima, au una kijana anajifunza kurusha na mkono wake hauna nguvu za ajabu, mwonyeshe Maddux.