Jiko la propani la kupikia bia nyumbani: uliza moto mdogo kabla ya moto mkubwa

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wanaopika bia nyumbani huko Marekani yanafanana sana, hata nikisoma mstari wa kwanza huwa najua wa mwisho utasemaje. Mtu amenunua jiko la propani lililoandikwa BTU 200,000 kwenye boksi (BTU ni kipimo cha joto, na kwa jiko huhesabiwa kwa saa), amelitega uani, na maji yamechemka upesi mno. Kisha maji ya kimea, ambayo kabla ya kutiwa hamira ni matamu kama togwa, yameanza kuumuka povu hadi ukingoni mwa sufuria. Amekimbilia koki kupunguza moto, na moto ama umezimika kabisa, ama umegeuka wa njano na kuipaka sufuria masizi kuanzia kitako hadi kwenye mikono. Baada ya hapo amekaa saa nzima akizima na kuwasha. Swali linalofuata ni lile lile: "Dada, ningenunua lenye nguvu kiasi gani?" Nguvu ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni uwezo wa jiko kushuka, na hilo ndilo jambo ambalo hakuna muuzaji anayeliandika popote.

Hesabu yake si ngumu. Pishi la kawaida la mpikaji wa nyumbani ni galoni 5 za bia, yaani lita 19 hivi, na kwa kuwa maji hupungua yanapochemka, sufuria huanza na lita kama 26. Kuzipandisha lita hizo kutoka nyuzi 65 za Selsiasi, joto ambalo kimea huloekwa, hadi nyuzi 100 kunahitaji takriban BTU 3,700 ziingie ndani ya maji. Hata tukikubali kwamba zaidi ya nusu ya joto la jiko hupotelea pembeni mwa sufuria, jiko la BTU 60,000 kwa saa huimaliza kazi hiyo chini ya dakika 10. Baada ya hapo kuna saa nzima ya kuchemsha, ambapo maji yanayogeuka mvuke, kama galoni moja, hula BTU 8,000 tu. Tukiongeza joto linalopotea, jiko linatakiwa litoe karibu 20,000. Kwa hiyo aliyenunua jiko la 200,000 anahitaji kulitumia kwa sehemu moja ya kumi ya uwezo wake kwa muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote ya siku hiyo, na hapo ndipo majiko mengi hushindwa.

Wala haifai kusema basi, acha maji yatokote taratibu huku sufuria imefunikwa. Kimea, hasa kile cheupe cha bia za rangi ya dhahabu, hutoa kemikali iitwayo DMS yenye harufu ya mahindi ya kuchemsha, na dawa yake ni kuchemsha kwa mzunguko unaoonekana, sufuria ikiwa wazi, ili iondoke na mvuke. Uchungu wa hopsi, maua yanayoipa bia ladha yake, nao hutoka ipasavyo katika joto hilo hilo la kuchemka. Unachohitaji, basi, ni moto wa wastani unaotulia mahali pamoja, usiopanda wala kushuka wenyewe kila upepo unapopita.

Sababu ya majiko makubwa kushindwa iko kwenye bomba fupi kati ya koki na kichwa cha jiko. Gesi hutoka kwenye tundu dogo kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo inayovuta hewa kupitia kidirisha cha pembeni ili vichanganyike kabla ya kuwaka. Ukipunguza gesi, kasi hupungua, hewa inayovutwa hupungua, na mwali wa buluu hulegea na kuwa wa njano. Masizi ni kaboni ambayo haikupata hewa ya kuiunguza. Ukipunguza zaidi, upepo huuzima mwali, au moto hurudi nyuma na kuwakia ndani ya bomba kwa mngurumo ambao ukiusikia mara moja hutausahau. Jambo hili huzidishwa na regyuleta (kifaa cha kudhibiti msukumo wa gesi kutoka mtungini) ya shinikizo kubwa, ile ya psi 0 hadi 30, yaani pauni kwa inchi ya mraba, ambayo kitasa chake ukikigusa kidogo tu hutoka kwenye moto wa kupashia chai hadi moto wa kuyeyushia risasi. Ndiyo maana mimi, kabla sijauliza jambo lingine lolote, huuliza kama kuna koki ya sindano kati ya regyuleta na jiko. Koki hiyo ya shaba ina ncha nyembamba inayoingia na kutoka polepole, na humwezesha mpikaji kushusha moto kwa unywele. Bei yake ni ndogo, lakini watengenezaji wengi wameiacha kwa sababu haiongezi tarakimu hata moja kwenye boksi.

Kwa kipimo hicho, chaguo langu la kwanza ni HellFire la Blichmann Engineering, na sioni haya kusema kwamba nina upendeleo. Kampuni hii ya Lafayette, Indiana, hutengeneza vyombo vya kupikia bia, na hilo huonekana: jiko limepangiwa kazi mbili, moja ya matumizi mazuri ya gesi hadi BTU 80,000 na nyingine ya moto mkali hadi 140,000, na umbo lake la chuma cha pua huuzunguka mwali hivi kwamba upepo wa kawaida wa uani hauusumbui. Ukilishusha, mwali hubaki wa buluu, mfupi, ukiwa umelala chini ya sufuria, na mlio wake ni mdogo kiasi kwamba mnaweza kuzungumza mkiwa mmesimama kando yake. Bei yake si ndogo, na anayetaka miguu mirefu huilipia kando, jambo ambalo naliona la kubana. Hata hivyo, anayepika kila mwezi nisingemshauri jingine.

La pili ni jiko la Anvil, ambalo linatoka katika nyumba hiyo hiyo ya Blichmann kwa mfuko mwepesi zaidi. Lina BTU 72,000, na miguu yake hufunguliwa ili jiko liingie kwenye buti la gari. Msomaji anayepika galoni 5 pekee, bila ndoto ya kupika 15, hana sababu ya kupita hapa. Nikiandikiwa kwamba 72,000 ni kidogo, huwa narudi kwenye hesabu ile ya juu.

Bayou Classic naliweka la tatu, kwa toleo la KAB4 lenye kichwa kipana cha inchi 10 na regyuleta ya psi 30. Ni jiko imara, na kwa sufuria ya galoni 15 au 20 lina nafasi yake halali. Kwa galoni 5 ni jiko lililokosa kazi, na usipolifungia koki ya sindano utarudi kwenye malalamiko niliyoanza nayo. Ndugu yake mdogo, SP10, ana kichwa cha inchi 4, psi 10 na kinga ya upepo kuzunguka pande zote, na kwa upishi mdogo naona ni mtiifu kuliko mkubwa wake. Kwa asiye na zaidi ya dola 100, ndilo hilo.

Seti za kukaangia bata mzinga, ambazo hujaa madukani kila Novemba kabla ya sikukuu ya Shukrani na kushushwa bei baada yake, sitazizungumzia sana. Nyingi zina saa ya usalama inayozima gesi kila baada ya dakika 15 usipoigusa, na mtu hawezi kuchemsha kwa saa nzima huku akilinda kitufe.

Jiko lolote utakalochukua, lijaribu kwa maji matupu ndani ya siku ambazo duka linakuruhusu kulirudisha. Jaza lita 26, chemsha, kisha shusha moto hadi mzunguko wa maji uwe mpole, na uuache hivyo kwa nusu saa bila kugusa kitu. Sogeza kidirisha cha hewa kidogo kidogo hadi ncha za njano zipotee. Ukimaliza, pitisha karatasi nyeupe kwenye kitako cha sufuria kilichopoa. Karatasi ikitoka nyeusi hata baada ya kurekebisha hewa, lirudishe. Haya yote yafanyike nje kabisa, wala si gereji yenye mlango wazi, kwa kuwa hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na haimngoji mtu.

Kabla ya kulirudisha, hata hivyo, hakikisha kosa si la mtungi. Kiungio cha kisasa cha mitungi ya pauni 20 kina kinga ambayo, ukifungua mtungi ghafla wakati koki ya jiko iko wazi, hudhani mpira umekatika na kubana gesi hadi ibaki kidogo tu. Funga kila kitu, subiri kidogo, ufungue mtungi polepole ndipo ufungue jiko. Wakati wa baridi nako mtungi huota jalidi kwa nje, kwa sababu gesi inapogeuka kutoka majimaji kuwa hewa hunyonya joto la mtungi wenyewe, na shinikizo hushuka. Propani angalau huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Gesi ya mitungi tuliyoizoea Dar es Salaam au Mombasa imechanganywa na butani, ambayo katika majira ya baridi ya Minnesota ingekaa chini ya mtungi kama maji.

Sasa wauzaji. Tarakimu ya BTU kwenye boksi ni kiasi cha gesi ambacho jiko linaweza kuunguza likifunguliwa hadi mwisho, na haimwambii mnunuzi ni kiasi gani kinafika ndani ya sufuria. Mtungi wa pauni 20 uliojaa una karibu BTU 430,000, kwa hiyo jiko la 200,000 likiachiwa kabisa linaumaliza kwa saa mbili na ushee. Hilo nalo boksini halipo. Kwenye vibanda vya kubadilishana mitungi mambo ni mabaya zaidi. Mwaka 2008 kampuni mbili kubwa zilipunguza gesi kutoka pauni 17 hadi 15 kwa kila mtungi, bei ikabaki palepale, na mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikazifungulia shauri kwa kupatana juu ya hilo. Mtungi bado unaitwa wa pauni 20. Kwenye kola yake zimegongwa herufi TW na uzito wa mtungi mtupu, kwa kawaida karibu pauni 17. Uweke kwenye mizani ya bafuni, toa tarakimu hiyo, na utajua umelipia nini. Palipo na kituo kinachojaza kwa pampu mbele ya macho yako, peleka mtungi wako huko.