Iafoni za mazoezi kwa jasho la Mtwara: ipi ununue, ipi uiache dukani

Wadau wa mazoezi wa Mtwara na Lindi, hili swali nimeulizwa sana pale Shangani asubuhi kwahiyo naandika mara moja liishe. Mtu ananiona nakimbia na vidude masikioni ananisimamisha, "kaka hizo bei gani, nikanunue na mimi", mi najibu inategemea, alafu baada ya wiki namkuta kauziwa kitu cha ajabu na upande mmoja hauongei.

Sasa nianze na kinachoziua huku kwetu, maana sio kudondoka wala betri, ni jasho. Joto na unyevu wa pwani hii unaujua, ukitoka saa 12 na nusu asubuhi kuelekea njia ya Mikindani, kufika saa 1 fulana imelowa kama umetoka kuvua. Lile jasho lina chumvi, linatiririka mpaka kwenye zile pini ndogo za chaji zenye rangi ya dhahabu, unarudi nyumbani umechoka unavitumbukiza kwenye kiboksi chake vikiwa vimelowa hivyohivyo, umeme unapita penye chumvi na maji, siku zinaenda unakuja kuona kaukungu ka kijani kama kwenye shaba iliyozeeka, na hapo ndo basi tena, haishiki chaji. Nimeshazika jozi 2 kwa staili hiyo. Muziki wake ulikuwa mzuri tu, betri nzima, uzembe wangu.

Kwahiyo mi nikipanga nani wa kwanza nani wa mwisho naangalia kwanza inakaa sikioni au haikai, pili jasho, tatu kama naisikia bajaji inayokuja nyuma, nne chaji. Besi na utamu wa mziki ni mwisho kabisa, ukishafika kilomita ya 6 unahema kama injini ya mashua hakuna cha besi hapo.

Kuhusu maji, usikubali neno "haiingii maji" la muuzaji, omba kuona namba kwenye boksi. Inaanza na IP. Ile herufi X maana yake hawakupima vumbi, namba inayofuata ndo ya maji. IPX4 inahimili matone ya kurushiwa kutoka kila upande, IPX5 maji ya bomba yanayotoka kwa presha kiasi, IPX7 kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kwa jasho letu IPX4 ndo ya chini kabisa, chini ya hapo usijisumbue, na hapa uwe makini kwa sababu jina kubwa halimaanishi namba kubwa, Samsung Galaxy Buds FE kwa mfano ni IPX2, iafoni nzuri ya ofisini na kwenye basi ila sio ya kukimbilia. Alafu kuna vitu viwili watu hawaambiwi: vipimo hivyo vinafanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na mara nyingi namba inahusu iafoni zenyewe, kiboksi chake hakina kinga hiyo au kina kidogo. Ukitoka kuogelea ufukweni usijidanganye na IPX7.

Haya, orodha yangu.

Namba 1 kwangu ni zile zenye kulabu inayopita juu ya sikio. Hazipendezi sana kwenye picha nakubali, na kiboksi chake kinakuwa kikubwa mfukoni, ila unaweza kuruka kamba, kupiga pushapu, kulala chali ukafanya tumbo, haitoki. Mbili ninazozipendekeza ni Soundcore Sport X10 na JBL Endurance Peak 3. Sport X10 ni IPX7, kulabu yake inazungushwa kwahiyo kiboksi hakiwi kikubwa kihivyo, chaji moja kama saa 8, na ina ile ya kuzima kelele za nje. Peak 3 yenyewe ni IP68, yaani hata vumbi imepimwa, inaenda saa 10 kwa chaji moja na kiboksi kinaongeza nyingine 40, sasa kwa mtu ambaye umeme ukikata anakaa gizani mpaka kesho hiyo ni habari njema. Kuzima kelele haina, na mi kwa barabarani sioni tatizo, nitaeleza. Zilipotoka Sport X10 ilikuwa dola 80 na Peak 3 dola 100 huko Marekani, kwahiyo jiandae na laki mbili kuelekea mbili na nusu, bado cha juu cha Kariakoo na nauli ya mzigo kwenye basi. Kuna ya kifahari pia, Powerbeats Pro 2 ya mwaka 2025, inapima mpaka mapigo ya moyo, dola 250, ina IPX4 tu. Kama korosho zimekaa vizuri mwaka huu chukua, mi hapana.

Namba 2 itawashangaza, ni zile za shingoni, waya unapita nyuma ya shingo. Vijana wanaziona za kizee. Lakini sikiliza, mwaka juzi nilikimbia na vile vidogo vya kujitegemea, nikaruka dimbwi, cha kushoto kikaruka nacho kikaangukia kwenye majani kando ya barabara, nimekitafuta nusu saa na jua linapanda, watoto wa shule wakanisaidia kutafuta, hatukukiona. Kimoja kikipotea umebaki na nusu ya hela yako. Ya shingoni ikitoka sikioni inaning'inia tu, betri kubwa, bei nafuu, chaji ni waya uleule wa simu, na hakuna mambo ya pini na kiboksi kwahiyo ule ugonjwa wa kijani niliousema haupo. Tatizo lake ni moja, ukikimbia kwa kasi inakupigapiga shingoni, na kwenye benchi ya jimu inakukera. Kama bajeti yako haivuki elfu 50 chukua hii na ulale usingizi.

Namba 3 ni zile za kawaida zenye mpira wa kuingia sikioni, mfano Oraimo FreePods 4. IPX5, ina kuzima kelele, na uzuri ni kwamba Oraimo ni ndugu na Tecno, itel na Infinix, kampuni mama ni Transsion, maduka ya simu huku Kusini yamezijaza kwahiyo hununui kitu usichokishika kwanza. Kwa jimu na kutembea haraka zinatosha kabisa. Kwa kukimbia inategemea sikio lako, mwenzangu mmoja wa Lindi anazunguka nazo uwanja wa Ilulu bila shida, mi kila nikipangusa jasho zinateleza. Kwenye boksi kuna mipira saizi 3, watu wengi hawaifungui kabisa ile mifuko! Jaribu zote, na inawezekana kulia ukavaa ya kati na kushoto ndogo, masikio hayalingani.

Hapa niseme la kuzima kelele. Jimu ni tamu, unaondokana na ule mziki wa spika iliyopasuka. Barabarani ni hatari, boda inakuja nyuma husikii mpaka imekupita kwapani. Alafu mpira ukiziba sikio vizuri unaanza kusikia vishindo vya miguu yako mwenyewe kichwani, du du du, mwanzo nilidhani iafoni mbovu kumbe ndo sikio likizibwa linakuwa hivyo. Kama unakimbia barabarani kila siku angalia zisizoziba sikio kabisa, Shokz OpenRun inapitisha sauti kwenye mfupa mbele ya sikio, IP67, saa 8, magari unayasikia yote. Sijaipanga juu kwa sababu haiingii sikioni na watu mmeniuliza za kuingia, na besi yake ni ya kinyonge. Waogeleaji nao msipoteze hela, Bluetooth haipiti kwenye maji, mnahitaji yenye kuhifadhi nyimbo ndani yake kama OpenSwim.

Namba 4, AirPods 4 za ukweli. IP54, sauti nzuri, ukiwa na iPhone zinaungana zenyewe. Ila hazina mpira, ni plastiki tupu, na plastiki na jasho la Mtwara ni kama sabuni. Ukitaka kukaa nazo barazani safi.

Mwisho kabisa i12, M10 na ukoo wake wote, zile za elfu 10 mpaka 20 zinazomulika namba kwenye kiboksi. Sisemi ni dhambi, kwa mtu anayeanza mazoezi na hajui kama atafika wiki ya pili ni sawa tu. Ila maneno ya maji yaliyoandikwa pale ni mapambo.

Ukienda dukani usinunue kwa kuzisikiliza umesimama kama mlingoti. Vaa, tikisa kichwa, ruka mara 3 hapohapo, alafu tafunatafuna kama una muhogo mdomoni, taya likicheza ndo zinapotoka. Mpigie mtu aliye mbali na wewe umuulize kama anakusikia. Rudisha kwenye kiboksi uone pande zote mbili zinawaka taa ya chaji. Na kama unaagiza Dar kumbuka ni kilomita zaidi ya 550, gharama ya kurudisha mbovu inakula faida yote, kwahiyo mwambie aliyeko huko afungue na ajaribu kabla mzigo haujapanda basi.

Na la mwisho, tafuta kitambaa kikavu, kiweke kwenye mfuko wa bukta. Ukimaliza unafuta pini, unaziacha nje dakika 20 huku unakunywa uji, ndo unarudisha kwenye kiboksi. Jozi yangu ya sasa ina mwaka na miezi 4 kwa utaratibu huo tu.